Sahihi za Pilau ya Zinga

Dunda, Bagamoyo
3 Februari 2025

Kwako mke wangu mdogo Naila,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua utaniamkia, na wewe ukishaniamkia kwenye simu huwa unasema "babu, mtandao" halafu kimya. Ndiyo maana naandika. Barua haina mtandao wa kukatika.

Sisi wazima. Bibi yako Bimdogo mzima, goti lake la kulia linamuuma na la kushoto linaiga. Paka amezaa chini ya cherehani yangu ya viatu, kwa hiyo kazi imesimama mpaka watoto wafumbue macho. Wateja nawaambia nina msiba.

Sasa sikiliza. Yule tajiri wako, Bwana Sixbert, nimemfukuza. Nimemfukuza kwa bakora hii unayoijua, kutoka katikati ya uwanja mpaka barabarani, viatu vyake vya kung'aa vimejaa mchanga, watu wanashangilia. Mtu wa Arusha hajapata kukimbia vile.

Basi nakwambia wewe tu: sikumfukuza. Nilimpa mkono. Na bakora niliisahau nyumbani. Lakini nilimtazama vibaya sana, na nadhani aliona.

Alikuja Jumamosi na magari mawili na ubao wenye picha. Kwenye picha uwanja wetu una ukuta, milango ya chuma, taa nne ndefu, viti vya buluu, maduka chini ya jukwaa, na nyasi ambazo mbuzi wa hapa hawajaziona hata ndotoni. Watu waliochorwa wamekaa jukwaani hakuna hata mmoja aliyevaa jezi ya timu yetu ya Kengele. Nikamuuliza, "Hawa mashabiki wa timu gani?" Akacheka. Meno yake mazuri, sikatai.

Kwa kuwa wewe ndiye mtu wetu pekee ndani ya ofisi yake, waeleze wakubwa zako jambo ambalo picha ile haikulionyesha. Uwanja ule si mali ya klabu ya Kengele. Ni wakfu. Bi Ashatu, shangazi wa baba yangu, aliyekuwa akiuza mikate ya ufuta na hakujaliwa mtoto, aliutoa kwa ajili ya Mungu ili vijana wa mji wapate pa kuchezea. Akaweka masharti mawili. Usitiwe kufuli. Na upande wa mashariki wakae wanawake na watoto, wasitozwe kitu. Akateua wazee watano wa kuusimamia, mmoja akifa waliobaki wanachagua mwingine. Mimi ni wa tano. Nilichaguliwa kwa sababu aliyetakiwa alihamia Vigwaza.

Bila sisi watano kuridhia, tajiri hapati hati ya uwanja. Na hati anaitaka, kasema mwenyewe, aiweke benki apewe mkopo wa kujengea. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, la tano nililiona dirishani, lakini najua kitu kikienda benki kinaweza kulala huko huko.

Jambo la mwisho. Utasikia watu wanasema sisi wazee watano tulikwenda Zinga mwezi uliopita, kwenye semina ya tajiri, tukala pilau. Uongo. Siku ile mimi nilikuwa kliniki. Ukiulizwa, sema kliniki.

Babu yako,
Mwishehe, fundi viatu

Arusha
24 Februari 2025

Babu yangu, shikamoo.

Barua yako ilifika ikinuka gundi ya viatu, nikaifungulia dirishani wenzangu wa ofisini wasiulize. Mimi mzima, baridi ya huku tu ndiyo inanionea. Mdogo wangu Lulu yupo nami, anajifunza kuendesha gari, na kila jioni anarudi akisema kosa ni la mwalimu. Bibi mwambie namtafutia dawa ya goti la kulia. La kushoto liache kuiga. Na habari ya kuwa mkeo, mahari nayasubiri tangu nina miaka mitatu.

Babu, mimi ni Kengele tangu tumboni mwa mama. Lakini niruhusu niseme. Msimu huu wakaguzi wa ligi wameukataa uwanja wetu kwa sababu hauna choo wala chumba cha wachezaji. Mechi zetu za nyumbani tunachezea Mlandizi. Hata mazoezini vijana wanabadilisha nguo nyuma ya kanga mbili anazozishikilia Bi Sabiha huku ametazama kando. Bwana Sixbert amewalipa mishahara tangu Novemba, na hilo sikuliona kwenye barua yako. Yeye si jini. Ni mfanyabiashara anayependa mpira, na hawezi kujenga hewani.

Masharti ya Bi Ashatu nimeyafikisha kwa mkubwa wangu. Ameandika kwenye daftari lake. Nilichungulia: ameandika "historia nzuri".

Kuhusu kliniki, babu, kliniki haitoi pilau. Mimi niko kitengo cha uhusiano, majina ya walioalikwa Zinga yalipita mezani kwangu. Sikulaumu kwa kula. Nina swali moja, na nakuomba unijibu kama ungemjibu kadhi: siku ile ulitia sahihi mahali popote?

Mjukuu wako,
Naila

Dunda, Bagamoyo
17 Machi 2025

Mke wangu mdogo,

Ramadhani inakwenda vizuri. Nafunga, ingawa bibi yako anadai saa nane mchana midomo yangu ina mafuta. Ni mafuta ya kulainishia ngozi ya viatu. Watoto wa paka wamefumbua macho, nimerudi kazini, wateja wamenipa pole ya msiba na mimi nimeipokea.

Hiyo mishahara ni kweli, analipa. Nami nimemwombea dua mara moja, kwa ufupi.

Nikusimulie ya kwa Khamis. Khamis kinyozi ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki, na alikuwa ananinyoa. Kubishana na mtu aliyekuwekea wembe shingoni kunataka moyo.

"Babu Mwishehe," akasema, "mnataka tucheze kwenye vumbi mpaka lini?"

"Vumbi lile ndilo lililowapa miguu."

"Wenzetu wana taa."

"Taa nazitaka, Khamis. Hata viti vya buluu nitakaa. Hati tu isitoke."

"Hakuna tajiri anayejenga juu ya kitu kisicho chake."

"Basi ajenge kwake Arusha, tutakwenda kumshangilia."

Vijana waliokuwa wanasubiri zamu wakaguna. Wengi wako na Khamis, sikufichi. Kijana mmoja, mlinda mlango wetu, alinionyesha kiwiko kimechunika chote. Nikajifanya sabuni imeniingia jichoni.

Ndipo Sabiha akasimama mlangoni. Unamjua Sabiha, ndiye anayeanzisha nyimbo kule mashariki. Akauliza, "Khamis, kwenye picha yenu sisi tumechorwa wapi?"

"Pale patakuwa jukwaa la wageni maalumu, Bi Sabiha. Lakini nyinyi mtapewa punguzo."

"Punguzo la kitu ambacho silipi?"

Khamis akanikata kidogo nyuma ya sikio. Nadhani hakukusudia.

Kesho yake karatasi ikabandikwa mlangoni mwa ofisi ya klabu. Imeandikwa kwamba wazee watano wa wakfu wameridhia uwanja uhamishiwe kampuni ya Bwana Sixbert, na kwamba wanachama watakutana tarehe 25 Mei kupitisha. Chini yake ipo nakala ya sahihi tano.

Sabiha akanifuata kibandani. "Mwishehe, hii sahihi yako?"

Nikamwambia yangu ina mkia mrefu zaidi.

Akanitazama. "Mama yangu alikaa mashariki," akasema. "Mimi nimewanyonyeshea pale watoto wanne. Kama ni yako, niambie sasa."

Nikasema si yangu.

Tangu siku hiyo anapita upande wa pili wa barabara. Nimeandika maneno mengi, Naila, ili nisifike hapa. Mkia ule ni wangu. Zinga nilikwenda. Palikuwa na hotuba ambayo sikuisikia kwa harufu ya binzari, kisha msichana akapitisha karatasi, nasi tukatia sahihi, hata mwenzetu Abdulswamad ambaye haoni bila miwani na miwani aliiacha nyumbani. Unajua mambo ya semina. Karatasi ikipitishwa husomi, unasaini, ni kama kunawa mikono kabla ya kula. Hakuna aliyewahi kunawa akauliza maji haya yana masharti gani.

Wewe uko ndani. Niambie karatasi ile ilikuwa ya nini. Kama nimeutoa uwanja wa Bi Ashatu kwa sahani mbili za pilau, nataka nijue nikiwa hai.

Mwishehe

Arusha
9 Mei 2025

Babu, shikamoo.

Uliandika katikati ya Machi. Idd imepita, masika yanaelekea kwisha, ndiyo kwanza najibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika na kuchana.

Lulu amepata leseni. Akija huko usikubali akupeleke popote.

Babu, mimi ndiye niliyewataja. Ofisini waliuliza nani anatoka Bagamoyo, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikawapa majina yenu matano, na nikawaambia wazee wetu hawaji kwenye kikao kisicho na chakula. Walicheka, nami nikacheka nao. Hata karatasi niliitengeneza mimi, kwenye kompyuta yangu, kwa ajili ya mpishi, ajue apakue nini. Ilikuwa ya mpishi, babu. Hakuna karatasi nyingine iliyopitishwa Zinga.

Nilikuuliza Februari kwa sababu nilikwisha kusikia watu wanasema kwenye ngazi, "sahihi za wazee tunazo." Machi nikaiona nakala. Imefunikwa juu, imekatwa ubavuni, na juu ya majina yenu yamewekwa maneno ambayo mimi sikuyaandika. Nikaenda kwa mkubwa wangu. Akaniambia nisichanganye ukoo na kazi.

Kwenye kifurushi hiki kuna dawa ya bibi, kahawa, na bahasha. Ndani ya bahasha mna karatasi yenyewe, ile ya wino mliyoishika kwa mikono yenu. Usiiache kibandani. Soma safu ya tatu.

Ukiitoa mbele ya watu itakubidi useme kwamba ulikuwa Zinga, na kwamba Bi Sabiha ulimdanganya. Hilo siwezi kukufanyia.

Mimi usiniulize habari zangu.

Naila

Dunda, Bagamoyo
30 Mei 2025

Naila mke wangu,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Bibi yako anapaka dawa magoti yote mawili, maana la kushoto lilinuna. Kahawa tumekunywa na kuimaliza, wageni walikuwa wengi wiki hii, na utajua kwa nini.

Mkutano ulifanyika uwanjani, Jumapili alasiri. Wanachama mia tatu na ushee. Wanawake walikaa mashariki, jua linawapiga usoni, hawakusogea hata mmoja. Bwana Sixbert alikaa kwenye kiti alicholetewa, kwa adabu, sikuona kosa kwake siku ile. Mwenyekiti wa klabu, Mwalimu Tarcis, akafungua kikao, kisha wakili wa kampuni akasoma kwa sauti kama ya taarifa ya habari. Mwishoni akainua ile nakala. "Wazee watano wameridhia. Sahihi zao hizi hapa." Khamis na vijana wake wakapiga makofi.

Nikasimama. Nikwambie kweli, nilikuwa nimekwisha kusimama mara mbili kabla ya hapo na nikakaa tena, watu wakadhani nina haja ndogo.

"Mzee Mwishehe, uwe mfupi," akasema Tarcis.

"Mwalimu, mimi mfupi tangu nizaliwe."

Wakacheka, na nikaona wakicheka itakuwa rahisi. Haikuwa rahisi. Nikasema siku ile sikuwa kliniki, nilikuwa Zinga. Nikasema nilikula sahani mbili. Nikasema sahihi ni yangu, na kwamba Bi Sabiha aliniuliza uso kwa uso nikamwambia si yangu. Sikumtazama. Kwenye uwanja wenye watu mia tatu nilisikia mbuzi anatafuna mfuko wa nailoni.

Nikampa Tarcis karatasi yako asome, kwa kuwa ni mwalimu na Mkristo, hana jamaa kwenye wakfu. Akavaa miwani.

"Chakula cha mchana, Zinga, tarehe kumi na nane Januari. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, sahihi. Ya tatu..." Akasita. Akaisogeza karatasi mbali na uso, akairudisha. "Ya tatu, nyama au kuku."

"Soma, mwalimu."

"Abdulswamad, nyama."

Abdulswamad akaitikia kama mtoto kwenye mahudhurio: "Nyama, naam."

Akawasoma wote, kama yule msichana wa Zinga alivyotuuliza na kutuandikia. Wa mwisho mimi. "Mwishehe. Nyama na kuku."

Hapo mashariki wakaangua kicheko, na kile kicheko, Naila, sijui kilikuwa cha kunicheka au cha kunipokea, lakini kilinishika miguu nisianguke. Wakili akasema hii ni karatasi nyingine. Tarcis hakubishana. Akaiweka juu ya nakala ya wakili, akaziinua zote mbili kwenye jua. Mkia ukakaa juu ya mkia. Hata doa la wino la kidole cha Abdulswamad lilikaa juu ya doa lake.

Nikamwambia wakili, "Mwanangu, kama kuagiza kuku ni kuridhia kuuza, mji huu umekwisha kuuzwa harusi kwa harusi."

Bwana Sixbert akanyanyuka, akamnong'oneza wakili, wakaondoka. Sikumfukuza, safari hii siongezi chumvi. Alijiondokea.

Ndipo Khamis akasimama. Nilijua atanitukana. Akasema polepole, "Sawa, tumechezewa. Ila vijana wataogea wapi?"

Hakuna aliyecheka. Swali la haki lile. Akalijibu Sabiha, kwa sauti ya kule mashariki: "Bafu tutajenga upande wetu. Kesho naleta tofali ishirini. Wewe Khamis unaleta ngapi?"

Kura zikapigwa kwa mikono. Hati haitoki. Bwana Sixbert akitaka kuisaidia timu, uwanja hauna mlango, aingie. Juzi ametuma ujumbe kwamba mishahara imesimama. Wachezaji watatu wamekwisha kuondoka, pamoja na yule mlinda mlango mwenye kiwiko. Huenda tukashuka daraja. Tukishuka, tutashukia kwenye uwanja wetu, na tutaimba vile vile, wasiopenda wazibe masikio.

Sabiha amerudi kupita mbele ya kibanda. Kunisamehe hajanisamehe. Ameleta ndala jozi nne nizishone na kasema halipi. Nimeshona.

Barua yako ya mwisho haikuja kwenye bahasha ya kampuni kama ile ya kwanza. Niliona. Sasa Lulu kamwambia bibi yako kwamba umeacha kazi, au kazi imekuacha. Wewe hukuandika, nami ulinikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi. Nasema tu kwamba chumba chako kipo, na mji mzima unajua karatasi ile haikuja Bagamoyo kwa miguu yake. Wanaokuulizia ni wengi. Hakuna anayekuulizia kwa ubaya, isipokuwa Khamis, naye ubaya wake unakwisha kila akinyoa kichwa kimoja.

Tarehe 14 Juni tunacheza na Kiwangwa, mechi ya kirafiki, nyumbani. Ligi haituhesabii, tutajihesabia wenyewe. Shida ni mistari. Mpiga chokaa ni Khamis, na amesusa, kasema wenye wakfu wapige wenyewe. Abdulswamad anasema yeye na mstari ulionyooka hawajaonana tangu awe kijana. Chokaa nimenunua. Kamba ninayo. Mtu wa kushika ncha ya pili ndiye sina.

Wewe ulipojifunza baiskeli nilishika tandiko kutoka hapa mpaka Kaole nikikimbia na ndala, na ndala moja haijaonekana hadi leo. Ulisema, "Babu, siku moja nitakushikia na wewe." Sijapata kudai. Nadai sasa: njoo Ijumaa ya kabla ya mechi, unishikie kamba.

Mwishehe